Palipo na Penseli

12 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla ya kufungua bahasha. Tumefika, tumepanga, na kazi ya kuhubiri tuliyotumwa na kanisa tumeshaianza. Tuna vyumba viwili juu ya karakana ya fundi viatu. Kuanzia saa mbili asubuhi ni nyundo tu chini ya miguu yetu, ko ko ko, mpaka shemeji yako amezoea kuomba kwa kufuata mapigo. Jumapili tunakutana katika ukumbi wa shule ya udereva. Kuta zote zimebandikwa alama za barabarani, na meza ya kuhubiria iko chini ya ile nyekundu ya kusimama. Shemeji yako anasema hajawahi kuonywa hivyo na ukuta. Haonyeki lakini. Juzi kahubiri saa nzima na robo, kwa lugha ya wenyeji ambayo hata kununua kitunguu bado inamtoa jasho.

Sasa nisikilize, kuna utaratibu. Katibu wa kanisa amekubali barua zetu zije kwako, kwa kuwa macho yake hayamsaidii tena, na wewe ndiye utakayesimama mbele kuzisoma. Hilo nililiomba mimi. Nilichoka kuona unakumbukwa pale tu vikombe vinapotaka kuoshwa. Ila siwezi kuandika barua mbili kila mara, ya kanisa na yako, basi nitaandika moja. Palipo na mstari wa penseli pembeni, kama kwenye aya hii, ni petu mimi na wewe. Ukifika hapo ruka, endelea chini, wala usikohoe.

Penseli inaendelea. Tuko saba, Chiriku. Saba pamoja na sisi wawili. Mmoja ni dereva mstaafu ambaye nadhani anakuja kwa sababu ameuzoea ukumbi. Mwingine ni muuguzi, mwanamke wa maneno machache na akili nyingi, na huyo ndiye nguzo yetu. Kanisani sema "wachache lakini wana moyo". Usiseme saba. Walionyoosha mikono tutumwe walikuwa mia nne, sitaki wakae wakihesabu vichwa. Na kila Jumatatu nafua shuka ambalo si chafu, ili nipate sababu ya kujifungia bafuni na kulia huku maji yanatiririka. Shemeji yako anadhani napenda usafi. Penseli inaishia hapa.

Sauti ya shemeji yako imekwaruza tangu safarini. Anasema ni vumbi. Mbusu Mama.

Dada yako

*

20 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo, na shemeji shikamoo yake. Nimesoma! Sauti haikunitupa. Pale kwenye ile alama ya kusimama kanisa zima liliangua kicheko, hata mchungaji aliyeshika nafasi ya shemeji, ambaye unajua kucheka kwake ni mpaka aandikiwe na daktari.

Penseli niliziruka zote, usihofu. Ila nikiri jambo. Niliposema "wachache" niliona nyuso zinashuka, basi nikaongeza "lakini ukumbi umeanza kutubana". Nimetia chumvi kidogo tu. Ukumbi si mdogo kweli?

Dada, huwezi kujua. Tangu niachike na kurudi nyumbani na sanduku langu, miaka mitatu sasa, watu wa pale wakiniona wananyamaza kwanza, halafu wananisalimu. Jumapili ile walinizunguka mlangoni. Mwenyekiti wa akina mama alinishika mkono akasema nina sauti ya kusoma, kisha akanikalisha karibu naye, na vikombe akaosha mtu mwingine. Mama alikuwa amekaa benchi la mbele, kichwa juu, kama vile barua ameiandika yeye. Kwa kuwa hajui kusoma, kila siku ananiambia nimsomee tena jikoni. Na jikoni pia naruka.

Andika upesi. Watu wananiuliza njiani barua inakuja lini.

Mdogo wako, Chiriku

*

2 Mei

Chiriku,

Barua hii haina penseli popote. Isome yote, kuanzia juu mpaka chini.

Halikuwa vumbi. Muuguzi alimsikia shemeji yako akihubiri, akamfuata baada ya ibada, akamwambia afungue mdomo palepale chini ya alama za barabarani. Kesho yake alimburura kwa daktari. Kuna kivimbe kwenye koo, pale sauti inapotokea. Bado ni kidogo. Daktari alisema kikikatwa sasa sauti itabaki, labda na mkwaruzo kidogo. Hospitali ya hapa haina wa kufanya kazi hiyo. Huko kwetu yupo, katika ile hospitali kubwa ya mjini. Daktari alisema tusipite mwezi wa saba.

Mimi nilianza kufunga mizigo siku hiyohiyo. Shemeji yako akanikalisha chini. Akasema, "Tulitumwa kwa mikono, tutarudishwa kwa mikono." Wewe unaujua utaratibu wetu kama mimi: hakuna anayetumwa wala anayerudishwa bila barua kusomwa mbele ya wote na mikono kunyooshwa. Nikamwambia twende posta tumpigie Katibu simu. Akasema wito haukatwi kwa simu. Mwanamume mpole namna ile, akishikilia jambo hata winchi haimng'oi.

Kwa hiyo ombi letu kwa kanisa ni hili, nimelipigia mstari kwa wino: tunaomba ruhusa ya kurudi nyumbani kwa matibabu, mapema iwezekanavyo. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Isome taratibu, Chiriku, kusudi wasikie. Halafu nijibu siku hiyohiyo.

Dada yako

*

9 Juni

Dada mpenzi,

Shikamoo. Barua ilifika na nimeisoma. Watu wamesikia kwamba shemeji anaumwa koo na kanisa zima limesimama kumwombea, akina mama wengine mpaka machozi. Kuna wiki nzima ya maombi kwa ajili yake. Mwenyekiti ananiambia tuwe na imani.

Hapa kuna jambo kubwa. Wametengeneza ubao ukutani wenye picha yenu, wewe na shemeji mmesimama na masanduku, na chini yake Mama ameombwa kuweka mkono wakati wa kuuzindua. Aliweka ule mkono, Dada, akakataa kuuondoa. Ilibidi mchungaji amkumbushe kwamba kuna nyimbo bado.

Kuhusu lile jambo lenu la kurudi, mambo ya kanisa unayafahamu, hayaendi mbio. Vuta subira kidogo. Mpikie vitu laini na umkataze kuhubiri saa nzima.

Mdogo wako, Chiriku

*

15 Julai

Chiriku,

Sikuelewa barua yako. Nimeisoma mara nne, nikamsomea shemeji yako, naye hakuelewa.

Sasa hivi ananong'ona tu. Jumapili anasimama mbele, Muuguzi anasimama pembeni yake, yeye anamnong'oneza sikioni na Muuguzi anatusemea kwa sauti. Tumebaki watano. Dereva mstaafu haachi kuja. Anakaa mbele kabisa, anamtazama shemeji yako midomo, anaitikia "ndiyo, ndiyo" hata pale ambapo hakuna alichosikia.

Nakuuliza jambo moja na nataka jibu moja. Mikono mingapi ilinyooshwa?

Dada yako

*

24 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hapakunyooshwa mkono.

Nisamehe kwa kuandika kwa kifupi. Mama ana mafua.

Chiriku

*

30 Septemba

Mdogo wangu,

Nilipomwonyesha shemeji yako barua yako, aliisoma. Kisha akachukua karatasi, maana siku hizi anaandika, akaandika: "Basi tumejibiwa." Akaenda kupanga viti vya Jumapili.

Mimi sikuwa mpole kama yeye. Niliwachukia mia nne wote, mmoja mmoja, kwa nyuso zao. Nikawaza kumwandikia Katibu mwenyewe, nikakaa mezani na kalamu, halafu nikaona nitaonekana ninaombaomba, mke wa mchungaji aliyeshindwa kazi. Nikairudisha kalamu. Sasa nimeacha kuwachukia, nimechoka. Pengine walioketi pale waliona jambo ambalo sisi tulio huku hatulioni. Kimya chenu nimekipokea kama jibu.

Usiwasomee barua hii. Chora penseli kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Dada yako

*

14 Novemba

Mama Mchungaji,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Barua hii naitamka, na mwalimu wa sekondari ndiye anayeiandika, kwa sababu ya macho yangu.

Tumepokea barua kutoka kwa muuguzi wa huko kwenu. Ameiandika kwa lugha yake, mwalimu akatutafsiria. Anatuuliza sisi ni watu wa namna gani, tunaoweza kumwacha mtumishi wetu apoteze sauti huku tumekaa. Mama, nilimwambia mwalimu asome tena, nikidhani amekosea. Barua yako ya mwezi wa tano tuliyosomewa hapa ilisema mchungaji anaumwa koo na anahitaji maombi. Haikuwa na ombi la kurudi. Nilimwita mdogo wako ofisini nikamwomba anipe karatasi yenyewe. Mwalimu aliisoma, na ule mstari wa wino upo.

Jumapili iliyopita ombi lenu lilisomwa. Mikono ilinyooka yote, hata ya watoto, hata ya Mama yenu ambaye alinyoosha miwili. Rudini. Tiketi mtazikuta. Na mtusamehe kwamba tulinyamaza bila kujua kwamba tumeulizwa.

Katibu

*

19 Desemba

Hospitali, wodi ya tatu, benchi la nje

Chiriku,

Usije. Nasikia unataka kuja kutoka nyumbani na Mama. Mama aje. Wewe usije.

Walimpasua juzi. Kile kivimbe kidogo cha mwezi wa tano hakikuwa kidogo tena, imebidi waondoe chote chenye sauti. Anapumulia tundu lililo chini ya shingo. Daktari ni kijana mpole, aliyaangalia makaratasi ya kule, akaangalia tarehe, akaniuliza kwa nini hatukuja mwezi wa sita. Nilimwambia tulikuwa tunasubiri ruhusa. Akauliza, ruhusa ya nani?

Yule mtu alinichumbia kwa kuimba nje ya dirisha la Mama, unakumbuka, mpaka Mama akamrushia kandambili. Alikuwa anaimba akinyoa. Alikuwa anagombana na redio. Leo asubuhi aliamka akafungua mdomo ili aniamkie, akasahau, nikaona anavyokumbuka.

Nataka uniandikie sababu. Usinitumie pole, nina pole za kutosha hapa. Sababu.

Dada yako

*

28 Desemba

Dada,

Sitakuamkia kwa kuwa sijui kama utaitika.

Barua yako ya mwezi wa tano niliisoma mara ya kwanza nikiwa mlangoni kwa Mama, na nikalia, na nia yangu ilikuwa kuisoma yote. Nilipanda mbele nikiwa na nia hiyo. Nikasoma kuhusu koo. Habari ya kurudi ilipotaka kuanza, nikauona wino chini yake. Nikainua macho, nikamwona Mama benchi la mbele, mwenyekiti amenishikia nafasi yangu pembeni yake, na mlangoni watu wamesimama kwa kukosa viti, wamekuja kusikiliza barua. Nikawaza: mkirudi, hakuna barua. Hakuna barua, mimi ni yule mwenye sanduku. Jicho langu likashuka chini ya wino lenyewe, kama lilivyozoea. Nikatunga mwisho wa kuomba maombi na salamu, nikakaa.

Nilisema nitaisoma Jumapili inayofuata, nitasema niliruka kwa bahati mbaya. Jumapili ile wakazindua ubao. Iliyofuata nikaona nimeshachelewa, nitaulizwa kwa nini. Kila wiki iliyopita ilifanya ya mbele yake iwe ngumu zaidi. Ukaniuliza mikono mingapi. Nikakuandikia kwamba hapakunyooshwa mkono, na nilijipongeza kwamba sijasema uongo. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, Dada. Nilijipongeza.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuruka. Nilikuwa nimeamua kutoandika sentensi hiyo, na nimeiandika, kwa kuwa umesema unataka sababu. Si kosa lako. Ulinipa penseli kwa ajili ya machozi yako, mimi nikaitumia kwa ajili yangu.

Mama hazungumzi nami. Ananiwekea chakula na anaondoka.

Chiriku

*

9 Januari

Shemeji yangu Chiriku,

Mwandiko wangu ni mbaya, ndiyo maana miaka yote aliandika dada yako. Vumilia.

Jumapili ya wiki ijayo tutakuwa kanisani. Wanataka nisimame mbele. Nitasimama, lakini unajua siwezi kusema, na nimeandika ukurasa mmoja wa kusomwa. Umo ndani ya bahasha hii. Nataka uusome wewe. Dada yako amekataa, ametupa mto chini, amesema afadhali asome fundi viatu. Nimemwambia kwamba kanisa lile lina msomaji mmoja tu aliyezoea maneno yangu.

Utaona nimeandika kuhusu wale saba. Sema saba. Utaona pia nimeandika kwamba mimi nilikuwa na miguu na ningeweza kuondoka wakati wowote. Sikukaa kwa utii peke yake. Niliona aibu kurudi na watu saba mbele ya watu mia nne, na mikono yenu nikaifanya kichaka cha kujificha. Dada yako hakulijua hilo mpaka juzi. Alilia kuliko alivyolia kwa ajili ya koo langu.

Katika aya ya tatu nimeandika ulichofanya wewe, kama kilivyokuwa, bila kuongeza. Pembeni yake nimechora mstari wa penseli. Unajua maana yake. Katibu na mwalimu wamekubali kunyamaza, na Mama yenu hatasema. Kwa wengine wote, barua ilichelewa tu. Ukiruka, sitakukasirikia, na hakuna atakayejua.

Shemeji yako

*

19 Januari

Dada,

Shikamoo. Ulikuwepo na uliona, lakini ulitoka kabla sijafika mlangoni, kwa hiyo naandika na nitaipitisha chini ya mlango wenu.

Nilisoma yote. Nilipofika kwenye penseli, jicho lilitaka kushuka lenyewe, nikaweka kidole juu ya mstari nikalifuatisha neno kwa neno. Nilisikia benchi la akina mama linalia. Sikuinua uso. Shemeji alikuwa amesimama pembeni yangu, nilisikia pumzi yake inatoka pale shingoni, na nilisoma kwa kufuata pumzi hiyo, kwa sababu yangu ilikuwa imeniishia.

Kisha Katibu akasimama, akasema kwamba kwa utaratibu wetu jambo lililosomwa huamuliwa palepale. Akauliza, "Anayekubali huyu aendelee kutusomea, anyooshe mkono." Dada, niliogopa. Niliikodolea macho karatasi mpaka aliposema ishusheni. Hakutaja idadi. Alisema tu kwamba ameona, na ibada ikaendelea. Sijui kama aliona mmoja au mia. Macho yake ndiyo hayo.

Sitamwuliza mtu. Nakuomba nawe usiniambie kama wako ulikuwa juu. Kama ulikuwa juu sistahili kujua, na kama haukuwa, nimeshajua.

Mdogo wako

*

21 Januari

Chiriku,

Marahaba.

Umeniomba nisikuambie. Nakuambia. Mkono wangu haukuwa juu. Ulikuwa mapajani, nimeushika kwa mkono mwingine. Sitakuficha hilo, tumefichana vya kutosha, na mimi ndiye niliyeanza.

Muuguzi ameandika, kurasa sita. Bado wanakutana pale ukumbini, na dereva mstaafu ndiye anayepanga viti. Nilijaribu kumsomea shemeji yako, akanipokonya barua, akaandika kwenye daftari lake kwamba ninasoma kama mtu anayegombana na karatasi. Anataka usome wewe.

Njoo Alhamisi mchana, mwalimu atakuwa ameshamaliza kukutafsiria. Kuna mahali Muuguzi ananisema mimi vibaya, kwamba nilikaa kimya wakati nilikuwa na kalamu. Nimepaona. Ukifika hapo usiruke.

Dada yako